Mahitaji ya viwanja na nyumba Dar: mnunuzi anafuata nini, na kwa nini nyumba nzuri zinakaa sokoni

#1 Mtathmini wa Pembezoni

Wakuu, habari za kazi. Swali linalorudi kila mara ni hili: mahitaji ya nyumba Dar yanapanda au yanashuka? Halina jibu la neno moja, kwa sababu Dar ina masoko matatu ndani ya mji mmoja na hayaendi pamoja: soko la viwanja, soko la mapagale (nyumba ambazo ujenzi wake haujaisha), na soko la nyumba zilizokamilika. La kwanza ndilo lenye watu. La mwisho lina vibao vingi na wateja wachache.

Tuanze na sensa. Mwaka 2012 Dar ilihesabiwa watu 4,364,541. Mwaka 2022 ikawa 5,383,728. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 23. Mkoa wa Pwani kwa miaka hiyohiyo umetoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani kama asilimia 84. Simama kituoni Mapinga, Vikindu au Kibaha Maili Moja saa 11 alfajiri uone watu wanakoelekea, utaelewa sehemu ya ongezeko hilo inafanya kazi wapi. Mpaka wa mkoa haumsumbui mnunuzi. Kwake Mapinga ni Bunju iliyosogea mbele kidogo.

Mnunuzi wa kawaida wa mji huu hanunui nyumba. Ananunua kiwanja kwa akiba, kikoba au mkopo wa SACCOS, anaweka msingi, anasubiri, anapandisha hadi lenta, anasubiri tena, anapaua vyumba viwili na kuhamia kabla ya plasta ili akimbie kodi ya miezi sita. Kwa hiyo ukitaka kujua mahitaji yanaelekea wapi, usihesabu vibao vya "nyumba inauzwa". Angalia viwanja vya mita za mraba 300 hadi 600 vinakatwa wapi na vinamalizika kwa kasi gani.

Maswali anayouliza yanakuja kwa mpangilio huu: kimepimwa? Kina hati? Asubuhi natumia muda gani kufika kazini? Maji ya DAWASA yapo? Bei inafuata baada ya hapo. Zamani bei ndiyo ilikuwa ya kwanza. Bomoabomoa ya mwaka 2017 ya Kimara hadi Kiluvya, ilipopanuliwa Barabara ya Morogoro, iliwafundisha watu wengi kwa mara moja kwamba nyumba nzuri iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara ni hasara tupu.

Halafu kuna jambo ambalo madalali hawalitangazi vya kutosha. Barabara kuu zinazotoka mjini zinajulikana: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, pamoja na upande wa Kigamboni. Ila mahitaji makali hayako pembeni ya barabara hizo tu. Yako kwenye barabara zinazoziunganisha zikishawekwa lami: Mbezi–Goba–Madale–Wazo, Goba–Makongo, Kinyerezi–Malamba Mawili–Mbezi. Mtu wa Goba foleni ikimkamata Mbezi anatokea Makongo, ikimkamata huko anashuka Tegeta. Mtu wa Kibamba ana mlango mmoja tu. Ndiyo maana kiwanja cha Goba kilicho kilomita mbili ndani kinaweza kuuzwa haraka kuliko cha Kibamba kilicho jirani na lami kubwa.

Karibuni wenye taaluma zenu, hasa wanasheria na wapima.

#2 Nondo ya Kumi na Mbili

Umegusa penyewe mkuu. Niongeze hesabu ya kwa nini nyumba zilizokamilika zinakaa.

Riba ya mkopo wa nyumba nchini imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Chukua mkopo wa Sh milioni 60 kwa miaka 15. Kwa riba ya 15, rejesho ni karibu Sh 840,000 kwa mwezi. Kwa riba ya 17 ni karibu Sh 923,000. Ukiurefusha ule wa 15 hadi miaka 20, rejesho linashuka hadi Sh 790,000 tu. Yaani unaongeza miaka mitano ili upunguziwe Sh 50,000 kwa mwezi. Jumla ya kulipa kwa miaka 15 kwa riba ya 15 ni kama Sh milioni 151.

Sasa weka kanuni ya theluthi moja ya mshahara kubaki mkononi. Rejesho la Sh 840,000 linataka mshahara wa Sh 1,260,000 hata kama mtu hana mkopo mwingine wowote. Wafanyakazi wengi tayari wana makato mengine, kwa hiyo wanaoweza ni wachache. Na milioni 60 haikupi nyumba ya vyumba vitatu yenye ukuta na hati sehemu zinazotafutwa.

TMRC ipo tangu 2010, kazi yake ni kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, na imesaidia kurefusha mikopo. Ila benki haiweki rehani pasipo hati. Nyumba isiyo na hati ina wateja wa taslimu peke yao, na mwenye taslimu ya milioni 120 anajua ana nguvu: atakupa 90 na kusubiri. Nyumba ileile ikiwa na hati inaongeza kundi la pili la wateja, wale wa benki. Pengo la bei kati ya hizo mbili linatokana na idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwenye mnada wako.

Kosa la pili la wauzaji ni kuhesabu bei kwa gharama walizotumia: nimetumia milioni 180, basi nauza 200. Mnunuzi hesabu yake ni nyingine. Anajiuliza kiwanja cha jirani ni bei gani, na yeye mwenyewe akijenga kwa awamu atatumia ngapi. Vigae vya bei mbaya, dari la jipsamu la ngazi tatu na geti la kuchonga havirudi kwenye bei. Vinavyorudi ni hati, kisima au maji ya bomba, ukuta, na njia ambayo gari dogo linapita masika.

#3 Mama Swabra wa Kongowe

Asanteni kwa uzi huu. Naomba kuuliza, kwa mtu mwenye bajeti ya kiwanja peke yake, Kigamboni na Kibaha ipi ina wanunuzi wa kweli na ipi ina maneno? Kila dalali anasema kwake ndiko "fursa".

#4 Kibada Kwetu

Dada, Kigamboni ni sehemu mbili tofauti na watu wanazichanganya.

Kuna Kigamboni ya viwanja vilivyopimwa na serikali kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002: Kibada, Kisota, Mwongozo, Gezaulole. Mitaa imenyooka, barabara zimeachwa kwenye ramani, hati zipo. Hapo wanunuzi wapo mwaka mzima, na ukikikuta chenye bei ya chini sana uliza mara tatu. Mradi huohuo ndio uliozaa Tuangoma, Buyuni, Mwanagati, Mivumoni, Mbweni na Bunju. Angalia ramani ya mji leo: maeneo hayo bado yanaongoza kutafutwa kwenye pande zao, miaka zaidi ya 20 baada ya vigingi kupigwa.

Halafu kuna Kigamboni ya mashamba yaliyokatwa na watu binafsi, Mwasonga kwenda Kimbiji na kuendelea. Huko bei ilikimbia mbele ya huduma. Mwaka 2008 Kigamboni ilitangazwa kuwa eneo la mji mpya na maendelezo yakazuiwa. Mtu hakuweza kujenga wala kuuza kwa amani. Kizuizi kilipolegea na daraja kufunguliwa Aprili 2016, watu walinunua kwa pupa, wengi bila nia ya kujenga. Matokeo yake ni viwanja vingi vyenye vigingi na majani. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni kubwa, lakini ukitaka kuuza ndani ya mwezi unakatwa vibaya.

Mambo matatu ya kupima kabla hujanunua huku. La kwanza ni tozo ya daraja na foleni ya kivuko: piga hesabu ya mwezi mzima, kwenda na kurudi, ulinganishe na nauli ya Kibaha. La pili, maji. Visima vifupi karibu na bahari vingi ni chumvi. Onja cha jirani wakati wa kiangazi, kwani masika maji ya mvua yanaficha chumvi. La tatu, mita 60 kutoka bahari au mto ni eneo la hifadhi kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Kiwanja cha "kutazama bahari" kinachoingia ndani ya mita hizo huwezi kukipatia kibali cha kujenga.

Kibaha watanijibia wa huko.

#5 Mpima Vigingi

Kibaha faida yake ni maji na barabara. Bomba kubwa la Ruvu Juu linapita ukanda huo kuja Kimara, na barabara kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa njia nane kwa kilomita 19.2. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, iliyofunguliwa 2021, imevuta wapangaji na biashara, na pamoja nao wanunuzi wa viwanja vya Mbezi hadi Kiluvya. Mlandizi na Kwala zimeamka na bandari kavu ya Kwala iliyozinduliwa Julai 2025. Ila dada elewa tofauti: mahitaji ya Kwala ni ya maghala, viwanda na nyumba za kupangisha wafanyakazi. Familia inayofanya kazi Posta haihamii Kwala.

Sasa niseme la taaluma yangu, kwa kuwa linaumiza wanunuzi wa pande zote mbili. Hatua si mita.

Tangazo linasema "20 kwa 20". Ukifika, muuzaji au kijana wake anatembea hatua 20 huku na 20 kule. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75 hadi 80. Hatua 20 za sentimita 80 ni mita 16. Mita 16 kwa 16 ni mita za mraba 256, wakati wewe kichwani umelipia 400. Umepoteza zaidi ya theluthi ya kiwanja kabla hujasaini. Kisha mpimaji akija kuweka njia, anakata mita mbili au tatu upande wa mbele, unabaki na 224 au 208. Nyumba ya vyumba vitatu yenye shimo la choo, uwazi wa pembeni na sehemu ya gari haikai humo.

Nunua kwa mita za mraba, pima kwa futi kamba ya mita 50, pande zote nne na ulalo mmoja. Ukiwa na ulalo unaweza kukata eneo kuwa pembetatu mbili na kupata ukubwa halisi hata kama kiwanja kimekaa mshazari. Gawa bei kwa mita za mraba, andika. Milioni 8 kwa mita 400 ni Sh 20,000 kwa mita; milioni 8 hiyohiyo kwa mita 256 ni Sh 31,250. Ukilinganisha hivyo utagundua "bei nafuu" za maeneo mengi si nafuu.

Na kuhusu neno "kimepimwa". Kuna ngazi nne na kila moja ina karatasi yake: mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, ramani ya upimaji iliyosajiliwa, ramani ndogo ya kiwanja chako, kisha hati. Muuzaji mwenye mchoro peke yake atakwambia kimepimwa. Hajadanganya sana, ila yuko ngazi ya kwanza. Mwombe namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, peleka halmashauri idara ya ardhi au kwa mpima aliyesajiliwa, aweke viwianishi vya vigingi kwenye GPS na kusimama navyo eneo husika. Vigingi huhamishwa. Ramani haihami.

Maeneo ya urasimishaji, yaani mitaa iliyojengwa kwanza na kupimwa baadaye, yana tatizo lake. Mtaa unachanga, kampuni inapima, lakini kaya kadhaa hazilipi au zinagombea njia, ramani ya mtaa mzima inakwama. Unakuta kiwanja kina namba, kina kigingi, na hati haitoki kwa miaka. Uliza: ramani ya mtaa huu imesajiliwa? Sio "umelipia?"

#6 Tofali Bichi

Mkuu #1 umetaja mapagale halafu ukayaacha. Hilo soko ndilo linalokua kwa wenye haraka, hebu tulieleze.

#7 Nondo ya Kumi na Mbili

Kweli, tulieleze. Pagale linauzwa na mtu aliyekwama: ada, ugonjwa, kazi imeisha, au mirathi. Bei yake huwa kiwanja pamoja na sehemu tu ya gharama ya ujenzi. Mnunuzi anaokoa miezi, na ndiyo maana linaondoka haraka kuliko nyumba iliyokamilika.

Kabla hujasema bei, angalia nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo. Kutu ya juu juu inayofutika kwa brashi ya waya si tatizo. Kutu inayotoka kwa magamba imeshakula nondo. Pima kipenyo kwa kalipa, nondo ya milimita 12 iliyobaki na 10 si ya kuunganishia ghorofa wala slabu. Chukua msumari ukwaruze tofali chini, karibu na msingi. Likimomonyoka kama unga, saruji ilikuwa kidogo, na ukuta uliokula mvua misimu mitatu bila paa hauna nguvu tena. Angalia ufa. Wa wima mwembamba kwenye plasta unavumilika. Ufa wa ngazi unaofuata viungo vya tofali kutoka kona ya dirisha kwenda chini maana yake msingi umekaa upande. Chimba shimo dogo nje ya kona hiyo uone kina cha msingi na aina ya udongo.

Na omba kibali cha ujenzi na michoro. Pagale lisilo na kibali unalinunua pamoja na faini yake.

#8 Wakili Mstaarabu

Nimesoma vyote, nije kwenye karatasi. Nitaandika kirefu kwa sababu hapa ndipo fedha za watu hupotea.

Kwa kiwanja au nyumba yenye hati, anza na upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utaletewa jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Fanya mara mbili: kabla ya kulipa malipo ya awali, na tena siku chache kabla ya malipo ya mwisho. Zuio la mahakama linaweza kuingia katikati. Hati ina muda, miaka 33, 66 au 99, hesabu iliyobaki. Pango la ardhi liwe limelipwa hadi mwaka huu, vinginevyo uhamisho hauendi.

Mkataba wa mauziano unafuata, mbele ya wakili, malipo yafanyike kwa benki na kwa awamu zinazoendana na nyaraka. Mthamini aliyesajiliwa anathamini, na ripoti inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fomu za ardhi ni tatu na zinakwenda pamoja: namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya maombi ya kibali, namba 35 ya uhamisho wenyewe. Muuzaji analipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Amenunua milioni 20, ameuza 50, faida ni 30, kodi ni milioni 3, na gharama za kuendeleza zenye risiti zinapunguza faida hiyo. Asiye na kumbukumbu za gharama ana utaratibu wa asilimia 3 ya thamani. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, asilimia 1.

Watu hukubaliana kuandika bei ya chini kwenye mkataba ili wapunguze kodi. Usikubali ukiwa mnunuzi. TRA wana thamani iliyoidhinishwa, kwa hiyo hampunguzi chochote cha maana, na siku utakapouza wewe, gharama yako ya kununulia ni ile ndogo uliyoandika. Kodi ya muuzaji wako umeihamishia kwako. Na muuzaji akivunja mkataba, mahakamani unadai kilichoandikwa.

Idhini ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinalinda nyumba ya ndoa. Muuzaji akisema hana mke au mume, aape kwa kiapo cha maandishi. Akiwa naye, mwenza asaini mbele ya wakili. Nenda pia ukae na majirani dakika kumi, utajua kama kuna watu ndani ya nyumba ambao hawajui inauzwa.

Mali ya marehemu: muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na warithi wasaini kuridhia.

Kwa kiwanja kisicho na hati, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri wa kumtambua muuzaji na majirani. Hakuna sheria inayompa asilimia 10 ya mauzo. Leseni ya makazi ni kitu halali, lakini ni ya muda mfupi, kisheria haizidi miaka mitano kwa mara moja. Usiilipie bei ya hati.

#9 Treni ya Saa Kumi na Mbili

Mbona mmeiacha SGR, reli ya kisasa? Treni imeanza Dar–Morogoro Juni 2024. Pugu na Soga zina stesheni. Naona mahitaji yatahamia huko kama yalivyofuata mwendokasi Kimara 2016.

#10 Mtathmini wa Pembezoni

Mkuu, nakubali nusu. Mwendokasi wa Kimara ulikuwa na vituo vya karibu karibu na basi linalopita kila mara. Mtu anatoka nyumbani kwa miguu. SGR ilijengwa kwa safari za mbali: stesheni ni chache, ratiba ina saa zake, na kutoka stesheni hadi kiwanjani unahitaji boda. Kwa abiria wa kila siku wa Soga, hesabu ni nauli ya treni, boda ya kule, na daladala ya huku ukishashuka. Kinachoweza kuivusha Soga ni treni za asubuhi na jioni zinazolenga wafanyakazi. Mpaka hapo, anayenunua Soga ananunua kwa matumaini ya mbali, na bei iwe ya matumaini ya mbali pia. Pugu ni tofauti, maana ilikuwa na mji wake tayari na Barabara ya Nyerere ipo.

Kanuni ninayoitumia: mradi ukitangazwa, bei inaruka mara ya kwanza, mkandarasi akiingia, mara ya pili, huduma ikianza, mara ya tatu. Wanunuzi wa kujenga wanakuja kwa wingi hiyo ya tatu. Kati ya ya kwanza na ya tatu inaweza kupita miaka kumi, na Mwasonga ni shahidi.

#11 Mswahili wa Muscat

Shikamooni wakubwa. Sisi tulioko Oman tunanunua kwa kutuma fedha kwa ndugu. Tujilinde vipi? Na vipi fleti za mjini, Upanga na Masaki, zina wateja?

#12 Wakili Mstaarabu

Marahaba. Kwa raia wa Tanzania aliye nje: toa hati ya uwakilishi iliyoandikwa kwa ajili ya kiwanja hicho tu, yenye namba ya kiwanja na kikomo cha bei, ithibitishwe ubalozini, isajiliwe ikifika nyumbani. Usimpe ndugu uwakilishi wa jumla. Fedha zitoke kwako moja kwa moja kwenda akaunti ya muuzaji aliyetajwa kwenye upekuzi, zisipitie kwa ndugu. Mpima awe mmoja, wakili mwingine, na wasiwe wameletwa na dalali. Jina kwenye mkataba liwe lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja itakudai kiapo kila hatua.

#13 Mtathmini wa Pembezoni

Kuhusu fleti. Wateja wapo, ila ni wa aina nyingine: wafanyabiashara wa Kariakoo wanaotaka kukaa karibu na duka, wawekezaji wa kupangisha, na familia za Upanga ambazo haziwezi kuhamia mbali na shule na misikiti yao. Hawa hawafuati riba ya benki. Uliza kwanza kama jengo limesajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, yaani kila fleti ina hati yake. Jengo lenye hati moja ya mwenye kampuni, na wewe una mkataba wa mauziano tu, rehani ya benki ikimlemea yeye unabebwa naye. Fleti mpya kutoka kwa kampuni iliyosajiliwa VAT ina kodi hiyo juu ya bei. Hakikisha bei uliyotajiwa imeijumuisha. Bei za dola zilizozoeleka Masaki zimepigwa marufuku na kanuni za mwaka 2025, mkataba uwe wa shilingi. Na dai hesabu za ada ya huduma za mwaka uliopita: lifti, jenereta, ulinzi, maji taka. Jengo lenye lifti iliyolala miezi mingi linashusha bei ya fleti zote.

Miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) ya Kawe chini ya mpango wa nyumba wa Samia inawavuta watu kwa sababu mbili, hati inaeleweka na mahali ni karibu na mji. Hiyo inathibitisha hoja ya mwanzo: nyumba iliyokamilika inauzika ikiwa karatasi na muda wa safari vimekaa sawa. Ikiwa Chanika ndani, kilomita nne kutoka lami, haiuziki kirahisi hata iwe na bwawa.

#14 Mama Swabra wa Kongowe

Nimeelewa sana, Mungu awabariki. La mwisho: mimi mwenyewe nikitaka kujua mtaa fulani una mahitaji ya kweli, nafanyaje bila kumuuliza dalali?

#15 Mpima Vigingi

Chagua barabara moja ya mtaa, hesabu viwanja 20 mfululizo. Gawa makundi matatu: wanaokaa, wanaojenga, na vitupu. Wanaokaa na wanaojenga wakifika 12, hapo kuna mahitaji ya watumiaji. Wakiwa chini ya 5 na mtaa ulikatwa zaidi ya miaka mitano iliyopita, wenye viwanja wanasubiri bei ipande na siku moja wataamua kuuza kwa pamoja. Angalia na maduka ya vifaa: karakana ya tofali inayomwagilia kila siku na duka la nondo lenye bajaji ya mzigo mlangoni ni ishara nzuri kuliko vibao kumi.

Kisha piga picha matangazo ya eneo hilo yakiwa na tarehe. Rudi baada ya siku 60. Kilichobaki kwa bei ileile, bei yake haiko sokoni. Kilichopungua bei mara mbili kinakuonyesha pa kuanzia kujadiliana. Safari ya kazini uijaribu Jumatatu saa 12 asubuhi, na uifanye tena mvua ya Aprili ikinyesha, kwani Boko Basihaya ya Septemba na ya Aprili si sehemu moja.

#16 Mama Swabra wa Kongowe

Na kiwanja kilichozungushiwa ukuta bila nyumba nakiweka kundi gani?

#17 Mpima Vigingi

Angalia juu ya ukuta, dada. Kama waya wa TANESCO umeingia na mita ya LUKU ipo, weka kwa wanaojenga. Kama hakuna nguzo, weka kwenye vitupu.